Laminaitisi: kwa nini farasi aliyevunjika mguu huangaliwa ule mguu mzima

Laminaitisi ni ugonjwa wa ndani ya ukwato. Hutokea pale nyama laini inayoushikanisha mfupa wa mguu na ukuta wa ukwato inapovimba, ikafa, ikaachia. Ugonjwa huu umewaua farasi mashuhuri ambao mfupa wao uliovunjika ulikuwa umeshafungwa vizuri na kuanza kuunga. Shabiki anayefuatilia hali ya farasi majeruhi bila kuujua atachanganyikiwa: wiki nzima anasoma kwamba mfupa unaendelea vyema, kisha asubuhi moja anaambiwa farasi amekufa, na haelewi ameuawa na nini.

Mombasa hatuna uwanja wa mbio za farasi. Wa Kenya uko Nairobi, Ngong Road. Lakini mji huu umejaa watu waliofanya kazi Ghuba, na wakirudi likizo habari za farasi huja nao. Msimu wa Dubai World Cup, mbio kubwa za farasi za Dubai, ukifika, barazani Mji wa Kale utawakuta vijana wameinamia simu kama vile ni fainali ya mpira, kikombe cha kahawa chungu kinapoa pembeni. Farasi akiumia uwanjani, anafuatwa kwa wiki na miezi baadaye, na swali huwa lile lile: "Ami, mfupa si umeshaunga? Mbona wasema bado?" Jibu bora nililowahi kulisikia lilitoka kwa mzee aliyehudumia mazizi huko Ghuba: "Wacha huo mfupa, mwanangu. Uliza ule mguu mwingine wausimamia vipi."

Farasi husimama juu ya kidole kimoja tu katika kila mguu. Ukwato ni ukucha uliokizunguka kidole hicho, na mfupa wa mwisho wa mguu umo ndani yake. Wengi hudhani mfupa huo umekaa juu ya soli, kama kisigino chetu ndani ya kiatu. Sivyo. Umening'inia. Umeshikwa pande zote na vikunjo vyembamba vinavyotoka kwenye mfupa na kuingiliana na vikunjo vingine vinavyotoka kwenye ukuta wa ukwato. Ukimfungua samaki aina ya changu shavu ukatazama matamvua yake, utaona mpango wa namna hiyo: majani membamba mengi yaliyosongamana ili eneo kubwa litoshee mahali padogo. Ukwato mmoja una vikunjo vikubwa karibu 600, na kila kimoja kina vidogo 100 hadi 200. Ukivikunjua vyote vitandazwe, eneo lake linakaribia mita moja ya mraba. Kwa vikunjo hivyo mnyama wa kilo 500 anapaa mbio, na kila anapokanyaga, uzito wote unavutwa na nyama hai.

Nyama hai inataka damu, na hapa ndipo penye shida. Chini ya goti farasi hana misuli, ana mifupa, kano na ngozi. Damu inayoshuka mpaka kwenye ukwato hutegemea mwendo. Akikanyaga, ukwato hutanuka kidogo na damu husukumwa juu. Akiinua, damu mpya huingia. Hata farasi aliyesimama zizini hatulii kabisa. Hupumzisha mguu huu, kisha ule, huegemea kulia, huegemea kushoto, na katika kuhamahama huko kila ukwato hupata zamu yake ya kupumua.

Sasa mvunje mguu mmoja. Ule wenye maumivu hataki kuuwekea uzito, kwa hiyo ule wa pili unabeba mchana na usiku bila kupokezana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa tatizo ni uzito kuzidi. Watafiti waliopima hali ndani ya ukwato wameonyesha kuwa kinachoumiza zaidi ni kukosa kupokezana: uzito ukikaa palepale bila kuinuliwa, damu haipiti sawasawa, vikunjo vinakosa chakula na vinaanza kufa. Mshiko ukilegea, uzito wa mwili unaushusha mfupa, au misuli ya juu inauvuta kwa kano mpaka ncha yake inapinda kuelekea chini. Ikifika hali mbaya kabisa, ncha hiyo hutoboa soli. Maumivu yake ni makali mno, na hayo ndiyo yanayomfanya daktari aamue kumpumzisha mnyama, yaani kumuua kwa dawa asiteseke.

Watu huuliza kwa nini asilazwe tu kitandani kama binadamu. Farasi aliyelala chini muda mrefu misuli yake huumia kwa uzito wake mwenyewe, mapafu hubanwa, na utumbo unaweza kuzubaa mpaka akapata msokoto wa tumbo. Kumning'iniza kwa mikanda hufanyika, lakini si siku nzima na si kila farasi atakubali. Halafu kuna hofu. Farasi ni mnyama wa kukimbia, na akizinduka kutoka usingizi wa dawa, kitu cha kwanza anachotaka ni kusimama na kukimbia. Mwaka 1975 Ruffian, jike ambaye hakuwa amewahi kushindwa, alivunjika mguu katika mbio za wawili pale Belmont Park, New York. Alifanyiwa upasuaji usiku, lakini alipozinduka alirusha miguu mpaka akaharibu kazi yote ya madaktari, na ikabidi apumzishwe. Ndiyo maana baadhi ya hospitali kubwa za farasi zinamzindua mgonjwa ndani ya bwawa la maji, amevishwa boya la mpira, atapetape bila kujiumiza.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Barbaro, farasi dume wa Marekani. Tarehe 6 Mei 2006 alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi za Marekani, kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi sita na nusu. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, katika mbio za Preakness mjini Baltimore, mguu wa nyuma wa kulia ulivunjika muda mfupi tu baada ya kuanza. Mfupa mmoja chini ya kifundo ulipasuka vipande zaidi ya 20. Alipelekwa New Bolton Center, hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kesho yake Dk. Dean Richardson akamfunga bamba la chuma na skrubu 27. Akazinduliwa bwawani, akasimama, akala. Marekani nzima ilikuwa ikisubiri. Watu walituma matofaa, karoti na kadi za kumwombea, na kila taarifa ya hospitali ilisomwa kama watu wa nyumbani wanavyosubiri habari ya mgonjwa wao.

Tangu siku ya kwanza Richardson aliitaja laminaitisi. Plasta iliufanya mguu wa kulia kuwa mrefu kuliko wa kushoto, kwa hiyo ule mzima ulivishwa kiatu maalumu cha kuusawazisha na kuutegemeza. Haikutosha. Mwezi Julai ugonjwa uliingia kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, mguu ambao haukuwahi kuguswa na ajali, na asilimia 80 ya ukuta wa ukwato ikabidi iondolewe. Mashabiki wengi wanaukumbuka mwezi huo kwa uchungu kuliko hata siku ya ajali, maana siku ya ajali kila mtu aliona kilichotokea, na hii ilikuja wakati mfupa ulikuwa unaunga.

Akapambana. Agosti alitolewa nje kula nyasi, Novemba mguu wa kulia ukatolewa plasta, na wapo walioanza kusema amepona. Lakini ukwato wa kushoto ulikuwa unakua vibaya. Januari 2007 ulianza kuachana tena. Kisha mguu wa kulia ukapata jipu ndani ya ukwato, ukashindwa kubeba sehemu yake, na uzito ukahamia mbele. Laminaitisi ikaingia miguu yote miwili ya mbele. Hakubaki na mguu hata mmoja wa kusimamia. Tarehe 29 Januari wenye farasi, Roy na Gretchen Jackson, walikubaliana na daktari kwamba imetosha. Naona huo ulikuwa uamuzi wa mapenzi, na mashabiki wanaowalaumu hawajatazama miguu minne kwa pamoja. Baada ya hapo michango ya kutafiti laminaitisi ilimiminika kwa jina lake, na mengi tunayoyajua leo kuhusu kupokezana uzito yamejulikana katika miaka iliyofuata.

Kwa hiyo taarifa ya farasi majeruhi husomwa hivi. "Mfupa unaunga" ni habari njema, lakini ni nusu ya habari. Ikisema anaegemea miguu yote, anahamisha uzito, anatembezwa hatua chache, hiyo ni njema zaidi. Ikisema ukwato wa upande wa pili una joto, au mpigo wa mshipa umekuwa mzito, shika roho. Mpigo huo hupimwa kwa vidole viwili nyuma ya kifundo. Kwa farasi mzima unausikia kwa taabu, kwa mwenye laminaitisi unagonga wenyewe. Akiumwa miguu ya mbele hutanguliza kwato mbele na kuurudisha mwili nyuma, kana kwamba sakafu inamchoma. Na wakipiga eksirei ya mguu usiovunjika, ujue wanatafuta kama mfupa umepinda au umezama.

Si lazima mfupa uvunjike ndipo ugonjwa uje. Farasi au punda akivamia gunia la nafaka akala akavimbiwa, sumu ya tumboni inaweza kufika kwenye ukwato. Homa kali ya maambukizi au kondo la nyuma lililobaki tumboni baada ya kuzaa pia huuleta. Kwa aina hii, kuzitia kwato kwenye barafu mapema na mfululizo kwa siku mbili tatu kunaweza kuukinga mguu. Secretariat, aliyeshinda mataji matatu makubwa ya Marekani mwaka 1973, hakuvunjika mfupa wowote, lakini laminaitisi ilimfikia akiwa na miaka 19, akapumzishwa Oktoba 1989. Kwetu pwani jambo hili linawahusu wenye punda, na Lamu, ambako punda ndiye gari, zaidi ya wote. Punda huficha maumivu. Akianza kukataa kutembea penye mawe, au akilala sana, wengi humwona mvivu na kumwongeza fimbo. Mpapase ukwato kwanza. Ukiwa wa moto, mwondolee mzigo, mtoe sakafu ngumu umweke penye mchanga, punguza pumba za mahindi na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Wapo wanaopona. Mill Reef, bingwa wa Derby ya Uingereza mwaka 1971, alivunjika mguu wa mbele mazoezini Agosti 1972, akafungwa bamba la chuma, na alikuwa mgonjwa mtulivu aliyekubali kusimama na kupumzika kama alivyotakiwa. Hakurudi mbioni, lakini aliishi hadi 1986 na akazaa washindi wa Derby. Ukwato ukiharibika, kupona kwake ni kwa miezi. Hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi kutoka juu kushuka chini, na ukuta mpya wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kufika ardhini. Shabiki anayetaka kumfuata farasi wa namna hiyo mpaka mwisho ajipange kwa mwaka, na asome taarifa za mwezi wa tisa tangu aumie kwa makini ileile aliyosomea za wiki ya kwanza.