Swindon na reli yake: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukifika Swindon, mji wa kusini magharibi mwa Uingereza ulio mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka London, hutakaa sana kabla hujasimuliwa kisa cha sandwichi. Inasemekana mhandisi Isambard Kingdom Brunel na Daniel Gooch, kijana aliyesimamia vichwa vya treni, walikaa majanini wakila chakula cha mchana. Brunel akarusha sandwichi (wengine husema jiwe) na kuapa kwamba itakapoangukia ndipo itakapojengwa karakana ya Great Western, reli ya kutoka London hadi Bristol.

Kisa kitamu, ila barua ya Gooch imebaki. Aliiandika Septemba 1840, akiwa na miaka 24, kumweleza Brunel kwa nini achague Swindon, na mkate hautajwi. Kutoka London hadi pale reli ni tambarare. Kuelekea Bristol miteremko inaanza, kwa hiyo treni ilihitaji kubadilishiwa kichwa, chepesi kwa chenye nguvu. Njia ya Cheltenham nayo ingechepukia hapohapo. Tena mfereji wa mashua za makaa ulipita jirani. Wakurugenzi waliridhia Februari 1841, na Januari 1843 karakana ikaanza kazi. Hesabu za kijana mmoja makini zilijenga mji, lakini nani atasimulia hesabu baa?

Wapo pia wasemao kwamba kabla ya reli hapakuwa na kitu. Swindon ya kale ilikuwepo juu ya kilima, na soko lake, na imo katika daftari la ardhi la mfalme la mwaka 1086. Reli ilizaa Swindon mpya bondeni. Miji hiyo miwili iliunganishwa kuwa manispaa moja mwaka 1900, na mpaka leo wenyeji wa juu hukukumbusha kwamba wao ni wa Old Town, yaani mji wa kale.

Dhana inayoniudhi ni ile ya kampuni yenye huruma iliyowalea wafanyakazi wake kama watoto. Kweli, kampuni ilijenga nyumba zipatazo 300 za mawe kando ya karakana, mitaa ikapewa majina ya vituo vya reli: London, Reading, Oxford, Exeter, Taunton. Bado watu wanaishi humo. Lakini tazama mfuko wa matibabu ulioanzishwa mwaka 1847. Uliendeshwa kwa makato ya mishahara ya wafanyakazi wenyewe, kila wiki, mzima na mgonjwa. Kwa pesa hizo walipata daktari na dawa, na mwaka 1892 wakafungua jengo lenye mabwawa ya kuogelea na mabafu, kwa sababu nyumba nyingi hazikuwa na pa kuogea. Utasikia pia kwamba huduma ya afya ya taifa, NHS, iliyoanza Julai 1948, ilinakiliwa kutoka Swindon. Hapo wenyeji wanavutia kwao. Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha, alitoka Tredegar huko Wales, ambako wachimba makaa walikuwa na mfuko wao wa aina hiyohiyo. Swindon ilitangulia kwa miaka mingi, ila haikuwa peke yake.

Hata ile safari maarufu ya kila mwaka, waliyoiita Trip, haikuwa zawadi tupu. Ilianza mwaka 1849 kwa watu kama 500 kwenda Oxford. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wakiondoka kwa mkupuo walizidi 20,000, mji ukabaki kimya. Treni ilikuwa bure. Mshahara wa siku hizo, kwa miongo mingi, haukuwepo. Baba alirudi kutoka pwani na mchanga viatuni, akakuta wiki haina malipo.

Kuna suala la "treni ya mwisho ya mvuke". Evening Star, kichwa cha treni namba 92220, ilitoka karakana ya Swindon mwaka 1960, imepakwa kijani ilhali wenzake wa kundi hilo walikuwa weusi. Ilikuwa ya mwisho kujengwa kwa ajili ya British Railways, shirika la reli la taifa, basi. Viwanda vingine viliendelea kuunda vichwa vidogo vya mvuke vya migodini, na mwaka 2008 kikundi cha wapenzi wa reli kilikamilisha kipya kabisa, Tornado, mjini Darlington. Maskini Evening Star yenyewe ilifanya kazi miaka mitano tu.

Karakana, iliyowahi kuajiri watu karibu 14,000, ilifungwa mwaka 1986. Baada ya hapo dhana ni mbili na zote zina kasoro: kwamba kila kitu kilibomolewa, na kwamba kila kitu kiliokolewa. Banda kubwa kuliko yote, A Shop, la zaidi ya ekari 11, lilivunjwa. Mengine yalipata wapangaji. Tangu 1997 mabanda kadhaa ni maduka ya nguo na viatu vya bei ya punguzo. Unajaribu raba, ukiinua macho unaona kreni ya kuinulia mitambo ikining'inia juu ya rafu. Jumba la makumbusho la reli lilifunguliwa mwaka 2000. Jirani yake ni makao makuu ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, yenye paa la meno ya msumeno. Wageni wengi hudhani ni banda la zamani lililokarabatiwa, kumbe limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005.

Dhana ya mwisho ndiyo yenye madhara: kwamba jengo likishaingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya urithi, limepona. Orodha ina madaraja matatu, I, II* na II, na zaidi ya asilimia 90 ya majengo yamo katika la chini. Kuorodheshwa kunamzuia mwenye jengo kulibomoa au kulibadilisha bila kibali. Hakumpi pesa ya paa. Mechanics' Institution, jengo la elimu na burudani la wafanyakazi wa reli lililofunguliwa mwaka 1855, lilikuwa na maktaba ya kuazimisha vitabu, kumbi za mihadhara na baadaye ukumbi wa tamthilia, na wafanyakazi walikuwa miongoni mwa walionunua hisa ili lijengwe. Ni daraja la II*, juu kuliko mabanda mengi yaliyogeuzwa maduka. Limekuwa tupu tangu 1986. Ghala refu lisilo na kuta za ndani hugeuka duka kwa urahisi. Ukumbi wa tamthilia wenye ngazi na vyumba vya pembeni hauna mnunuzi wa haraka.

Ukitaka kuliona, toka madukani, pita kwenye handaki chini ya reli walimopita wafanyakazi asubuhi na jioni, uibukie kwenye nyumba za mawe. Liko Emlyn Square, dakika chache tu kwa mguu. Ni lile lenye madirisha yaliyozibwa.