Roboti ya kuhamisha vimiminika: yanayosemwa na yalivyo

Wanaoshughulika na sampuli za majani ya mkorosho hapa Mtwara husema, "Tukipata roboti, kazi imekwisha." Haijaisha. Roboti inakwenda ilikoelekezwa na kuvuta kiasi ilichoandikiwa. Akili yote ni ya aliyeipanga.

Dhana inayotuharibia zaidi ni kwamba vimiminika vyote ni kama maji. Chukua DNA ya majani ya mkorosho. Majani hayo yana sukari changamano na polifenoli (kemikali za mimea) nyingi, na DNA isiposafishwa vizuri myeyusho hutoka mzito, wa kuvutika kama mlenda. Ukiuvuta kwa kasi ya maji, hewa iliyo ndani ya tipu (kijirija cha plastiki cha kuvutia kimiminika) hutanuka kabla kimiminika hakijapanda, nawe unapata pungufu ya ulichoagiza. Punguza kasi, kisha iache tipu itulie sekunde moja au mbili kabla ya kuinuka. Ethanoli ina tabia nyingine: mvuke wake hujaa kwenye tipu, matone yakadondoka njiani juu ya sampuli nyingine. Hiyo ivute na kuirudisha mara mbili tatu kwanza, tipu ilowane, halafu ukishavuta kiasi chako ongeza hewa kidogo nchani.

Eti pleti zote, yaani vibao vya plastiki vyenye vishimo vya kuwekea sampuli, ni sawa? Kwa nje ndiyo, milimita 127.76 kwa 85.48. Kina cha vishimo na umbo la kitako hutofautiana. Ukichagua pleti isiyo yenyewe kwenye programu, tipu itagota chini au itavuta hewa.

Kutoka pleti ya vishimo 96 kwenda ya 384 ndiko watu hudhani ni kunakili tu. Vishimo vya 96 vimeachana milimita 9, vya 384 ni 4.5. Kwa hiyo kichwa cha tipu nane zilizoachana milimita 9 kikishuka kwenye 384 hakijazi mistari A hadi H. Kinajaza A, C, E mpaka O, kikiruka mmoja mmoja. Pleti nne huingia kwa kufumana: kwa mpangilio uliozoeleka, A1 (mstari A, safu ya 1) ya pleti ya kwanza huenda A1, ya pili A2, ya tatu B1, ya nne B2. Asiyechora ramani hiyo mapema atasoma matokeo ya mkorosho wa Newala akidhani ni wa Nachingwea, na mkulima atapewa miche isiyo yake.

Wengine huapa kwamba mashine haikosei. Mashine hurudia, na kosa hulirudia vilevile. Pima pleti tupu kwenye mizani nyeti, jaza maji maikrolita 50 kila kishimo, pima tena: vishimo 96 vinapaswa kuongeza karibu gramu 4.8. Huo ni wastani tu. Kishimo kimoja kimoja kinahitaji rangi na mashine ya kusoma pleti.

Na kwa joto letu la pwani, pleti ifunikwe. Vishimo vya pembeni ndivyo hutangulia kukauka.