Siasa za kijiografia, na kwa nini zinafika hadi kwenye kitalu cha Nyando

Siasa za kijiografia ni jinsi nchi zinavyotafuta nguvu na kulinda maslahi yao kufuatana na mahali zilipo kwenye ramani: jirani ni nani, mto unatoka wapi, adui yuko upande gani. Ukilisikia neno hilo redioni utadhani ni habari za majeshi tu. Huku Kisumu linatugusa kila siku, hasa kwenye kazi za mashirika ya mazingira yanayotoka nje.

Tazama ziwa. Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Gugumaji, mmea unaoelea juu ya maji, halijui hilo. Asili yake ni Amerika Kusini, na ziwani lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Upepo ukigeuka usiku, asubuhi ufuo wa Dunga umefunikwa kijani, mvuvi anasukuma mashua kwa upondo na haisogei. Shirika likiling'oa upande wetu pekee, mawimbi yanaleta jingine. Kwa hiyo kabla ya kushika reki, lazima serikali tatu zielewane.

Halafu kuna Misri. Maji haya ndiyo yanayolisha Nile Nyeupe, na mwaka 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya makoloni yake ya huku, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna ujenzi utakaopunguza maji hayo bila ridhaa ya Cairo. Nchi za juu ya mto hazikuridhika. Mkataba mpya wa maji ya Nile ulifunguliwa kwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010, ukaanza kutumika Oktoba 2024, na Misri na Sudan hazimo. Mradi wowote wa maji katika bonde hili unaandikwa katikati ya mvutano huo.

Lakini panapouma zaidi ni kwenye fedha. Mashirika mengi hutegemea kodi za wananchi wa kwao, na serikali zao zikiogopa vita, mfuko hugeuka. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kwamba misaada yake ya nje itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili ipate fedha za ulinzi. Chanzo ni hofu ya Urusi, huko Ulaya. Marekani nayo ilisimamisha misaada Januari 2025, na Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa.

Sasa njoo Nyando, huku huku Kisumu, kunako makorongo yaliyochimbwa na mvua. Akina mama wa kikundi huotesha miche miezi mingi ili ihamishwe mvua ndefu zikianza, Machi. Barua ya mfadhili ikija Februari kwamba malipo yamesitishwa, mche hausitishwi. Mizizi inafika chini ya mfuko, inajikunja, inazunguka kama uzi kwenye kibiringo. Ukiupanda mche huo mwaka unaofuata, utasimama kidogo halafu upepo utaung'oa.

Sisemi mashirika haya ni vibaraka. Nimeona maafisa wao wakinunua miche kwa fedha zao za mfukoni. Ila tofauti ipo, na ni kubwa: shirika lenye wachangiaji wengi wadogo huyumba kidogo, lakini lile linalokula kwenye sahani ya serikali moja huondoka na mfadhili wake. Kikundi kinachotia saini mkataba leo kina haki ya kuuliza fedha hizi zinatoka wapi, na zikikatika nani atamwagilia.