Turbo haifi, huuawa

Mzee mmoja alifika gereji kwetu hapa Dar akitokea Iringa na Prado ya dizeli, injini ya 1KD. Nyuma ya siti alikuwa na turbo mbili mbovu kwenye kiroba, zile feni zinazozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi. Ya tatu ilikuwa imefungwa kwenye injini, na tayari ilishaanza kupiga filimbi. "Mwanangu," akaniambia, "turbo za siku hizi hazina maisha. Nitafutie ya Kijapani kweli, hata iwe ghali." Turbo tatu ndani ya miezi saba, na kila aliyemfungia moja alimwambia hayo hayo, kwamba turbo imekufa, leta nyingine.

Nimechoka kuyasikia maneno haya. Nimeona watu wakiuza viwanja kwa ajili yake. Nayajibu hapa, pamoja na mengine ninayoyasikia gereji.

Nilimwomba mzee jambo moja tu, kwamba turbo tusiiguse mpaka tumefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Akakubali shingo upande. Tulipoishusha tukamwita aje aone kwa macho yake. Kile kichujio cha wavu kinachofyonza oili kuipeleka kwenye pampu kilikuwa kimeganda masizi magumu, meusi, kama lami iliyokauka. Sehemu iliyobaki wazi haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Muuaji wa turbo zote tatu alikuwa amelala humo, wala hakuna hata fundi mmoja aliyemtafuta.

"Turbo imekufa, nifungie nyingine"

Shafti ya turbo kwenye magari mengi tunayoyashika haikai kwenye beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Injini ya dizeli ya aina hiyo haifiki mizunguko 5,000 kwa dakika, lakini shafti ya turbo yake inapita 100,000, na turbo ndogo zinapita hata 200,000. Upande wake mmoja unapigwa na moshi wa ekzosi ambao, gari likipanda mlima na mzigo, unafika nyuzi joto 700 na zaidi. Utando ule wa oili ndio unaozuia chuma kisiguse chuma, na ndio unaolitoa lile joto. Ukikatika kwa sekunde chache tu, kazi imeisha.

Kwa hiyo turbo ikifika mezani kwangu, swali langu la kwanza ni nani ameiua. Wauaji wenyewe ni wachache. Kuna oili isiyofika au inayochelewa kufika. Kuna oili chafu. Kuna kitu kilichoingia kwenye feni zake, iwe mchanga kutoka kwenye eya klina iliyochanika, nati iliyosahauliwa, au kipande cha feni ya turbo iliyotangulia. Na kuna kuzima injini ikiwa bado inachemka, oili ikaungulia kwenye beringi. Usipomkamata mmoja wao, turbo mpya unayoifunga unamkabidhi muuaji yule yule.

Kwenye 1KD muuaji anajulikana na amezoeleka. Nozeli zake, zinazopulizia dizeli kwenye silinda, zinakalia washa za shaba, vile vipete bapa vya kuzibia, na washa hizo zikichoka, gesi ya mwako inapenya na kushuka ndani ya injini badala ya kubaki kwenye silinda. Inachanganyika na oili, oili inakuwa tope, tope linakuwa masizi magumu, masizi yanatulia kwenye wavu wa sampu. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, unaweza kusikia mlio kama wa mtu anayepumua kwa nguvu, "chuf, chuf", kisha unapotea ikipata moto. Mwenye gari anafurahi kwamba umepotea. Tafadhali, ukiusikia mlio huo leta gari siku hiyo hiyo, kwa sababu washa za shaba bei yake haikaribii hata kidogo bei ya turbo, wala ya injini. Injini ndiyo inayofuata. Beringi za krenki zinakunywa oili kutoka kwenye wavu ule ule, na wengi waliokuja kwangu na kilio cha turbo waliondoka na injini iliyonoki.

Baadhi ya Subaru za turbo, Forester zikiwemo, zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo. Mwenye gari akipitiliza muda wa oili, kinaziba. Fundi anabadilisha turbo, boliti anairudisha kama ilivyokuwa, na baada ya wiki chache wanalaumiana na aliyewauzia spea.

Kosa jingine ni letu sisi mafundi, na nalisema wazi. Mtu anafunga bomba la oili la turbo kwa silikoni badala ya gasketi yake. Silikoni ikibanwa inajitokeza ndani, inakatika, inaziba tundu dogo kuliko kalamu. Mwingine anapiga stata moja kwa moja turbo ikiwa kavu. Turbo inamiminiwa oili kwanza, kisha injini inazungushwa bila kuwaka mpaka oili ifike. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Nasisitiza pia kwamba si kila turbo inayohukumiwa imekufa. Fundi anaitikisa shafti, inacheza kidogo kwenda pembeni, anatangaza msiba. Shafti inayoelea kwenye oili lazima icheze kidogo pembeni ikiwa kavu. Kisichotakiwa ni kuvutika mbele na nyuma, au feni kukwaruza nyumba yake. Na moshi wa bluu hautoshi kuwa ushahidi. Turbo haina sili ya mpira kama ya krenki, ina vipete vidogo vinavyotegemea presha ya upande wa feni iwe kubwa kuliko ya ndani kunakopita oili. Bomba la kurudisha oili likiziba, au mpumuo wa injini ukiziba, au eya klina ikijaa vumbi, oili inasukumwa nje kupitia turbo nzima kabisa. Mwaka jana nilisafisha bomba la kurudishia oili kwenye Hiace ambayo mwenyewe alishalipia nusu ya turbo. Moshi ukaisha.

Ile Prado tuliifungia turbo mwisho wa kazi. Kwanza tuliosha sampu na wavu, tukabadilisha washa za nozeli, tukaweka bomba jipya la oili, tukamwaga na kuosha intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) iliyojaa oili na vipande vya feni za turbo zilizopita, halafu tukapima presha ya oili kwa geji. Hapo ndipo nikamwambia mzee akanunue turbo.

"Mashine imesema ni turbo"

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari haijui habari ya turbo yako. Kodi, yaani namba ya hitilafu, ya P0299 maana yake presha ya turbo iko chini kuliko inavyotarajiwa, basi. Hospaipu ya intakula iliyopasuka inaleta kodi hiyo. Kamirija ka vakyumu kenye ufa kanaileta. Mapezi ya turbo yaliyokwama kwa masizi yanaileta, na sensa ya presha iliyochafuka pia. Mimi huanza na kitambaa na tochi, kila kiungio cha hospaipu kuanzia eya klina mpaka injini, kabla sijagusa spana. Anayekusomea kodi na kukutajia bei ya spea bila kufungua boneti, mshukuru, chukua ufunguo wako.

"Nimetoa waya wa betri, taa imezima, gari limepona"

Hujatengeneza chochote, umefuta ushahidi. Kompyuta ya gari ilipowasha taa ya injini ilihifadhi kodi, na magari mengi huhifadhi pia hali ya injini wakati ule, yaani mwendo, joto, mzigo. Hiyo ndiyo picha ninayoihitaji. Ukiifuta, mimi naanza upya na wewe unalipa muda wangu. Na wanaoiuza gari baada ya kufanya hivyo wanamtapeli mnunuzi.

"Ni taa ya njano tu, gari linakwenda"

Ikiwaka na kutulia, endesha polepole, panga siku uje. Ila kwenye gari la petroli, taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, injini inakosa kuchoma kwenye silinda mojawapo na petroli mbichi inaungulia kwenye yale masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Paki. Mara nyingi ni plagi au koili, na ukiiwahi hulipii masega.

"Taa nyekundu ya oili ikiwaka naongeza lita moja"

Taa ile yenye alama ya birika haipimi lita, inapima presha, na mpaka iwake presha imeshabaki kidogo sana. Zima injini hapo hapo kando ya barabara, usitafute kivuli wala kituo cha mafuta. Kipimo cha lita ni kijiti, na kijiti kinachomolewa na wewe kila Jumamosi asubuhi kabla gari halijawashwa. Wateja wangu wote wanajua kwamba ukija na shida ya injini nitakuuliza kwanza Jumamosi iliyopita kijiti kilisomaje.

"Oili nzito inaziba moshi"

Hapana. Oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari inachelewa kufika kwenye turbo kila asubuhi. Weka oili yenye namba ya uzito iliyotajwa na kiwanda, na kwa dizeli ya turbo kwenye foleni na vumbi letu, mimi naimwaga kila kilomita 5,000 hata kopo likiandika 10,000.

"Turbo lazima ipumzishwe dakika tano kila unapopaki"

Ukitoka kazini kwenye foleni ya Ubungo, imeshapumzika, zima uingie ndani. Ukimaliza kupanda mlima Kitonga na mzigo na unataka kusimama, iache injini iende taratibu dakika moja au mbili ndipo uzime.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui mpaka limewatokea: dizeli yenye turbo inayomwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe. Injini inapanda mlio, moshi unatanda, unazima ufunguo na haizimi. Kama gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili ife. Kama ni otomatiki, inayoweza kuizima ni kuziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu bapa, kamwe si kwa kiganja chako. Kama huna ubao karibu, toka, sogea mbali na watu wako, uiache.