Kwa nini mwenye misuli mikubwa hushindwa kulipindua gogo la Waskoti?

Je, wajua kwamba mtu anayeng'oa chuma cha kilo 200 kutoka sakafuni anaweza kushindwa na gogo la kilo 60? Si jambo la nadra. Kwenye michezo mizito ya Uskoti, ile ambayo washindani huvaa kilti (sketi ya wanaume ya Kiskoti) na kurusha mawe, nyundo na magogo, vijana wengi wa daraja la ridhaa huja moja kwa moja kutoka kwenye mazoezi ya kunyanyua vyuma, vifua vimetanuka, na gogo linawalalia ubavuni kabla hawajapiga hatua tano. Halafu anakuja mtu wa makamo, mwenye kitambi kidogo, analipindua kama kawaida yake.

Tuanze na gogo lenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotoka. Linalojulikana zaidi ni la tamasha la Braemar, kijiji cha Aberdeenshire, Uskoti, ambako watu hukusanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba kila mwaka. Lina urefu wa karibu mita 6 na uzito wa karibu kilo 60. Na kinyume na wanavyodhani wengi, halirushwi ili lifike mbali. Hakuna anayepima umbali. Kinachotakiwa ni kwamba ncha ya juu ipige chini kwanza, kisha ile ncha iliyokuwa mikononi ipande, ipite wima, na iangukie upande wa mbele, mbali na mrushaji. Mwamuzi humfuata mrushaji kwa nyuma na kulisoma gogo lilivyolala kama mkono wa saa ya ukutani. Likinyooka kuelekea namba 12, yaani sawasawa na njia aliyokimbilia, hilo ni kamili. Likienda kwenye 11 au 1, amepungukiwa kidogo. Lisipopita wima kabisa, mwamuzi wa pembeni hukadiria lilipanda nyuzi ngapi, 60 au 75 au 80, na hicho ndicho anachoandikiwa.

Kwa hiyo mtihani ni wa kugeuza, na kugeuza kitu kirefu ni kazi tofauti kabisa na kukinyanyua. Ubishi wa gogo dhidi ya kugeuzwa hukua kwa mraba wa urefu wake. Chukua magogo mawili yenye uzito sawa na umbo sawa, moja mita 5 na jingine mita 6: lile refu hubisha kwa asilimia 44 zaidi, ingawa mizani inasema ni ndugu. Isitoshe, ncha nene huwekwa juu, kwa hiyo uzito mwingi uko mbali na mikono. Upande wa pili, urefu huohuo humsaidia mrushaji asilipoteze. Jaribu kusimamisha kalamu kwenye kidole, kisha mpini wa fagio, utaona upi unakupa nafasi ya kusahihisha. Kinachokusaidia kulisimamisha gogo ndicho kinachokunyima kulipindua, na mazoezi yote ya gogo yanahusu kupita katikati ya mambo hayo mawili.

Tazama kwa karibu. Wasaidizi wanalisimamisha gogo, ncha nyembamba chini. Mrushaji analiegemeza begani, anafumbata vidole vyake kulizunguka, anachuchumaa huku mikono ikiteleza kushuka hadi karibu na nyasi. Kwa mkupuo mfupi analirusha juu kidogo na kuingiza viganja chini ya ncha. Hapo tu wengi wameshashindwa, kwa sababu wanalinyanyua polepole kama wanavyonyanyua chuma, na viganja havipati nafasi ya kuingia. Akishasimama, gogo limelala kwenye bega na shingo, viwiko vimebanwa, macho juu. Anangoja litulie. Anaanza kutembea, kisha anakimbia, akiliacha gogo liongoze kidogo mbele. Ghafla anakita miguu. Sehemu ya chini inasimama naye, ncha ya juu inaendelea na safari yake na kuanza kuanguka.

Sasa ndiyo sekunde ya kuvumilia. Mgeni akihisi gogo linaanza kuanguka, mwili wote unamwambia vuta. Akivuta wakati huo, gogo bado liko karibu wima, hana cha kugeuza. Linapanda kidogo, linashuka, linasimama na kumrudia. Aliyezoea huliacha lianguke zaidi kuliko moyo unavyotaka, kisha ndipo anaponyoosha magoti na nyonga kwa nguvu zote na kupeleka mikono juu, kupita uso wake. Akichelewa nako, gogo limeshalala sana na hakuna mikono itakayoliokoa. Dirisha la katikati ni dogo sana. Nguvu za kilo 200 zinazochukua sekunde tatu kujikusanya hazipiti humo.

Hilo ndilo jibu la swali letu, nalo linahusu karibu kila mchezo wa siku hiyo. Nguvu lazima itoke haraka, itoke miguuni na nyongani, na itoke kwa wakati wake. Donald Dinnie, Mskoti aliyezaliwa 1837 na kutawala viwanja hivi kwa miaka mingi ya karne ya 19, hakuwa mbeba mizigo tu. Alikimbia, aliruka, alipigana mieleka. Geoff Capes wa Uingereza alikuwa mrusha tufe wa Olimpiki kwanza, ndipo akaja kuvaa kilti na kutwaa ubingwa wa dunia wa michezo hii. Wote wawili walikuwa na miili mikubwa, lakini ilikuwa miili iliyofundishwa kurusha.

Basi mtu wa ridhaa, mwenye kazi yake ya kila siku na jioni chache za bure, anajifuaje?

Kwanza lazima ajue kinachomngoja. Tamasha la kawaida lina michezo kama minane, yote siku moja. Kuna jiwe la kusukuma ukiwa umesimama, bila kukimbia, na jingine jepesi zaidi linaloruhusu kujizungusha. Kuna vyuma viwili vya kurusha mbali kwa mkono mmoja, cha kilo 12.7 na cha kilo 25.4, vyenye mnyororo na pete ya kushikia. Namba hizo za ajabu ni ratili 28 na 56, ambazo ni robo na nusu ya kipimo cha zamani cha Kiingereza cha ratili 112. Kile cha ratili 56 kiliwahi hata kuwa mchezo wa Olimpiki, mwaka 1904 na 1920. Kuna chuma hichohicho cha kilo 25.4 cha kurusha juu ya mtambaa panya, mrushaji akiwa ameupa mgongo. Kuna nyundo mbili, ya kilo 7.3 na ya kilo 10. Gogo tumeshaliona. Sehemu nyingi pia huongeza gunia lililojazwa nyasi, linalorushwa juu kwa uma wa shambani. Wanawake hushindana kwenye michezo hiyohiyo kwa vyuma vyepesi zaidi, na kwa maoni yangu ukitaka kujifunza ufundi watazame wao na wale wa daraja la uzito mdogo. Hawana kilo za kufichia makosa.

Ushauri ambao ningempa anayeanza ni huu: usianze na gogo. Anza na chuma cha kurusha juu. Unakipembeza katikati ya miguu kwa mkono mmoja, unashuka nacho, kisha unasimama kwa kishindo na kuachia mkono ukiwa juu ya kichwa. Ni mchezo mfupi, na unakufundisha jambo ambalo chumba cha vyuma hakikukufundisha: mkono ni kamba tu, kinachorusha ni nyonga. Ukivuta kwa mkono, chuma kinaugonga mtambaa panya. Ukiuacha mkono umelegea na kunyoosha nyonga kwa wakati, chuma chenyewe kinapanda. Wanaolipwa hukipitisha juu ya mita 5. Anayeanza akipitisha mita 3 bila kukunja kiwiko ameelewa somo.

Nyundo ni shule nyingine, na ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi kuiva. Si ile ya Olimpiki yenye waya na mzunguko ndani ya duara. Ya Kiskoti ina mpini mgumu wa karibu mita 1 na robo, na mrushaji hasogei: anaipa uwanja mgongo, anachimbia kwenye nyasi vyembe vya chuma vinavyotokeza mbele ya viatu vyake, anaizungusha nyundo juu ya kichwa mara mbili tatu, kisha anaiachia juu ya bega. Kwa kuwa miguu imekwama, mwili lazima uegemee upande ulio kinyume na nyundo, na mikono ibaki mirefu. Ukikunja viwiko unalifupisha duara, na kichwa cha nyundo kinapoteza mwendo. Wanaojifunza hutumia nyundo nyepesi, wakizungusha tu bila kuachia, hadi mwili uzoee kuvutwa na kujibu. Wenye kufanya haraka ya kushika ya kilo 10 huishia kwenye maumivu ya mgongo.

Vyuma vya kawaida vina nafasi yake, tena kubwa. Msimu wa Uskoti huanza Mei na kuisha Septemba, kwa hiyo miezi ya baridi ni ya kujenga: skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), kung'oa chuma kutoka sakafuni, kukisukuma juu ya kichwa, na zaidi ya yote kukirusha kutoka chini hadi mabegani kwa mkupuo mmoja, maana zoezi hilo ndilo linalofanana zaidi na kurusha. Siku zikisogea, uzito kwenye vyuma hupungua na muda wa uwanjani huongezeka, pengine jioni mbili za kurusha na mbili za vyuma kwa wiki. Kosa ninaloliona kubwa ni la mtu anayeendelea kukimbiza rekodi za skwati mwezi Juni. Anafika uwanjani na miguu mizito, chuma kinamtoka mkononi bila mwendo.

Ufundi nao haujifunzwi peke yako kirahisi. Bahati nzuri ni kwamba wakongwe wa michezo hii hawafichi. Utamkuta mtu anakuelekeza namna ya kushika jiwe, kuligeuzageuza mpaka lipate upande unaokaa vizuri kwenye vidole, na dakika mbili baadaye mnashindana naye. Wanaoishi mbali nao hujirekodi kwa simu na kulinganisha na video za mabingwa. Julius Yego wa Kenya, bingwa wa dunia wa mkuki mwaka 2015, alijifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video, kwa hiyo njia hiyo haidharauliki. Gogo ndilo tatizo, kwani unahitaji uwanja wazi, watu wa kulisimamisha, na mti wa kufaa. Wengi huanza na nguzo fupi na nyepesi, wakirudia tu kuliokota na kutembea nalo, hata mara ishirini bila kurusha. Mti mbichi una maji na ni mzito. Ukikauka unapungua uzito, kwa hiyo gogo la mazoezi la mwaka jana si lile la mwaka huu.

Mikono inahitaji matunzo yake. Pete ya chuma cha kilo 25.4 huchana ngozi chini ya vidole, na kwa michezo minane, kila mmoja ukiwa na majaribio matatu, ngozi iliyochanika asubuhi itakusumbua hadi jioni. Kwa hiyo watu husugua sugu zao zisiinuke, hufunga vidole kwa plasta na kupaka chaki. Wazoefu hufanya jaribio moja la nguvu ndogo kupasha mwili, si matano, kwa sababu siku ni ndefu na katikati yake kuna kukaa sana, mara nyingi kwenye mvua.

Jambo la mwisho ni hesabu, nalo hubadilisha mazoezi yote. Kwenye matamasha mengi ya Marekani na Kanada, ambako daraja la ridhaa limeshamiri, wa kwanza katika mchezo hupata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi wa siku. Tuseme kijana mmoja ameshinda michezo minne kati ya minane, lakini akawa wa nane kwenye minne iliyobaki: ana pointi 36. Mwenzake hakushinda hata mmoja, ila alikuwa wa tatu kwenye yote minane: ana 24, naye ndiye anayeondoka na ushindi. Mwenye kulijua hili hatumii jioni zake kwenye mchezo anaoupenda. Kama nyundo ndiyo inayomweka wa nane, basi hadi msimu ufunguliwe jioni zake ni za nyundo.