MacGregor: stori za mtaani na historia yenyewe ya hili jina la Kiskoti

Tuanze na ile inayopendwa kuliko zote, kwamba ukiitwa MacGregor basi wewe ni damu ya kifalme. Hii haikutoka hewani, ukoo wenyewe una kaulimbiu ya Kigaeli, lugha ya zamani ya Waskoti wa milimani, inayosema ukoo wangu ni wa kifalme, na simulizi yao inawapeleka mpaka kwa mfalme Alpin wa karne ya 9. Shida ni kwamba ukitafuta ushahidi wa maandishi hufiki huko, unakwama karne ya 14, kwa bwana mmoja Gregor anayekumbukwa kama Gregor wa hatamu za dhahabu, huko mabonde ya Glenorchy na Glenstrae, upande wa Argyll, magharibi mwa Uskoti. Hapo katikati ni miaka kama 500 ya kuambiana tu. Halafu hata kwenye ukoo wenyewe si kila mtu alikuwa mtoto wa fulani, wapangaji wa ardhi na wanyonge wengine walijibandika jina la mkuu wa ukoo ili wapate wa kuwalinda.

Dhana ya pili: eti jina lilipigwa marufuku miaka 200 mfululizo. Marufuku ilikuwepo kweli, na ilikuwa kali balaa, ila haikuwa mfululizo. Chanzo ni vita vya Glen Fruin, Februari 1603, MacGregor waliwachapa ukoo mwingine, Colquhoun wa Luss, vibaya sana. Mfalme James wa Sita wa Uskoti alikuwa anajiandaa kwenda London kurithi kiti cha Elizabeth, malkia wa Uingereza aliyefariki mwezi Machi, na tarehe 3 Aprili, siku mbili tu kabla hajaondoka, baraza lake likapitisha kwamba jina hilo life, atakayeendelea kulitumia auawe. Baadaye wakaongezewa kwamba wasibebe silaha yoyote zaidi ya kisu butu cha kukatia nyama, na 1633 wachungaji wakakatazwa kumbatiza mtoto wa kiume kwa jina Gregor. Mfalme Charles wa Pili akaifuta 1661, mfalme William akairudisha 1693, ikaja kufutwa moja kwa moja 1774. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 58 na mingine 81, katikati kuna pumziko la miaka 32.

Na hapa siwezi kuruka kifo cha mkuu wao, Alasdair wa Glenstrae. Alijisalimisha kwa Earl (bwana mkubwa mwenye cheo) wa Argyll kwa ahadi kwamba atafikishwa salama Uingereza. Earl akatimiza kweli, akamvusha mpakani, kisha akamgeuza hapohapo na kumrudisha Edinburgh, akanyongwa Januari 1604. Mtu mmoja wa Edinburgh aliyekuwa anaandika kumbukumbu za wakati ule anasema walimtundika juu ya wenzake kwa kimo cha urefu wake mwenyewe, eti heshima ya ukubwa wake. Ahadi imetimizwa, mtu amekufa, sasa hapo utamshtaki nani?

Ya tatu, kwamba ukoo wa Campbell na MacGregor ni paka na panya tangu dunia iumbwe. Hapa ndo watu wanapotea kabisa. Ni kweli Campbell wa Glenorchy waliwanyang'anya ardhi, lakini kabla ya hapo MacGregor waliwatumikia muda mrefu tu, wakapigana upande wao, na wakaoana. Gregor Roy wa Glenstrae alimuoa Marion, binti wa Campbell wa Glenlyon, na mwaka 1570 ndugu wa mkewe hao hao wakamkata kichwa. Mjane akamtungia maombolezo anayombembelezea mtoto wake huku akiwalaani watu wa damu yake, na yanaimbwa Uskoti mpaka leo. Rob Roy naye, yule MacGregor maarufu kuliko wote, mama yake alikuwa Margaret Campbell, na jina lilipopigwa marufuku tena 1693 unadhani alijiita nani? Campbell! Hata alipogombana na Duke (cheo cha juu kuliko Earl) wa Montrose, aliyemkingia kifua ni Duke wa Argyll, Campbell mwingine.

Kuhusu tartani, kile kitambaa cha miraba cha Waskoti, kwamba kila ukoo una chake tangu enzi na enzi, hiyo fupi. Zamani mtu alivaa kilichofumwa kwao na rangi zilizopatikana. Mambo ya kila ukoo na kitambaa chake yalipangwa zaidi karne ya 19, jumuiya ya Waskoti waliokuwa London ilipoanza 1815 kuwaomba wakuu wa koo walete sampuli. Na ile ya Mac ni Mskoti Mc ni Muayalandi, achana nayo, ni makarani tu walikuwa wanafupisha.

Sasa anayetafuta asili yake kwa kufuata herufi za jina atahangaika sana. Wakati wa marufuku watu waligeuka Murray, Grant, Drummond, Stewart, Graham, wengine Gregory, ilipofutwa baadhi wakarudi na wengine walishazoea wakabaki hukohuko. Kwahiyo kuna MacGregor wa damu wanaoitwa Grant na hawana habari. Hata mkuu wa ukoo aliyepatikana baada ya 1774, aliyetambuliwa kwa saini za wanaume 826, kwenye karatasi zake alikuwa anaitwa John Murray.