Seli ya haidrojeni haigeuzi maji kuwa umeme

Nchi ikibanwa na mgao wa umeme, hakosekani mtu wa kusema: tufunge seli za haidrojeni, vile vifaa vya kuzalisha umeme kwa gesi ya haidrojeni, maji si tunayo? Amegeuza mambo juu chini. Maji ndiyo yanayotoka kwenye seli. Hayaingii kama mafuta yake.

Kinachoingia ni haidrojeni upande mmoja na oksijeni ya hewani upande wa pili. Katika aina iliyozoeleka, katikati kuna utando mwembamba. Metali ya platinamu kwenye anodi, yaani upande wa haidrojeni, huivunja haidrojeni kuwa chembe ndogo za aina mbili: protoni zinapenya utandoni, elektroni zinakataliwa njia, zinalazimika kuzunguka kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme wenyewe. Upande wa pili zote zinakutana na oksijeni, na hapo ndipo maji yanapotokea. Hakuna moto wala moshi. Mwanasayansi William Grove wa Wales alishaonyesha jambo hili kufikia miaka ya 1840, kwa hiyo tusiuziwe kama muujiza wa juzi.

Kasheshe iko kwenye haidrojeni yenyewe. Karibu yote inayotumika duniani hutengenezwa, sehemu kubwa kutokana na gesi asilia, na kaboni dioksidi humwagwa kule kiwandani. Ukiitenga kutoka kwenye maji, kilo moja inakula takriban kilowati-saa 50. Ukiipitisha kwenye seli unarudishiwa 15 hadi 20. Kwa nchi ambayo tayari umeme hautoshi, hiyo ni hasara, isipokuwa pale umeme wa jua au upepo ungepotea bure kwa kukosa mtumiaji. Hapo haidrojeni inafanya kazi ya ghala la umeme, na seli inaweza kuchukua nafasi ya jenereta la dizeli hospitalini au kwenye mnara wa simu.